Ahadi ya Mraibu

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki lipo swali liulizwalo usiku, mlango ukiwa umefungwa na mtu akiwa nje. Mama amesimama ndani, ufunguo mkononi. Nje yupo mwanawe, aliyeapa mara sita kuwa ameacha unga, na mara sita akaurudia. Safari ya kwanza aliuza redio; ya tatu, mkufu wa dada yake; ya sita, mabati yaliyonunuliwa kuezekea chumba cha uani. Sasa aapa mara ya saba. Mama huyu hana haja ya kuambiwa kuwa unga ni mbaya. Hilo alilijua kabla ya wahubiri wengi. Ataka kujua jambo jingine: je, kiapo hiki ni uongo?

Majirani wanayo majibu mawili. Wa kwanza husema kuwa teja ni mwongo, na kuwa ulimi wake umekwisha kuuzwa pamoja na mali ya nyumbani. Wa pili, ambao huruma yao ni kubwa zaidi na pengine wamesikia maneno ya matabibu, husema kuwa kijana ni mgonjwa, na mgonjwa halaumiwi. Jibu la kwanza ni kali na la pili ni la upole. Lakini upole huo wataka kupimwa kabla ya kusifiwa. Mtu aliyeshikwa na homa kali akiweweseka na kuahidi shamba lake, hakuna amwendeaye kesho kudai shamba. Maneno yake ni sauti tu. Basi amwambiaye mraibu kuwa hana hatia kwa sababu ni mgonjwa tu, amwambia pia kuwa ahadi yake haina uzito. Amuitaye mwongo humtukana, lakini walau amhesabu kuwa mtu awezaye kusema kweli. Amuitaye mgonjwa tu humwondolea lawama, na humwondolea neno lake pia. Haielekei kwamba kijana aliye nje ya mlango angeshukuru akijua bei ya msamaha huo.

Yafaa kwanza kujua ni kitu gani kinachoshindana na kiapo chake. Heroini ilitengenezwa London mwaka 1874 na mkemia C. R. Alder Wright, na tangu 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiuza madukani kuwa dawa ya kikohozi. Haikuingia ulimwenguni ikiwa imevaa sura ya sumu. Katika pwani hii ilianza kuonekana katika miaka ya 1980, ikija kwa njia ya bahari, na kwanza wengi waliivuta; sindano ilifuata baadaye. Mwili ulioizoea, ukiikosa kwa muda wa saa sita mpaka kumi na mbili, huanza kudai: machozi na kamasi hutiririka, jasho hutoka, mifupa huuma, tumbo huchafuka, usingizi hukimbia. Vijana wa mjini huiita hali hiyo arosto. Mateso yake hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua katika muda wa juma moja. Kama mambo yangekwisha hapo, kuacha unga kungekuwa sawa na kuugua juma zima, na wengi wangeweza. Lakini tamaa hubaki baada ya maumivu kuondoka, nayo hurudi miezi kadhaa baadaye kwa sababu ndogo kabisa: harufu ya kiberiti, kona ya barabara, sura ya rafiki wa zamani.

Kwa hiyo aapaye na atakiwaye kutimiza kiapo hawako katika hali moja. Kiapo huapwa saa kumi za jioni na mtu mwenye majuto, ambaye pengine kete ya mchana bado inautuliza mwili wake. Cha kutimizwa ni alfajiri, na wa kukitimiza ni mtu yule yule akiwa ndani ya arosto. Wa jioni hakudanganya. Aliahidi kwa niaba ya mtu asiyemjua vizuri.

Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alilitazama jambo la namna hii katika kitabu chake cha maadili. Alisema kuwa mtu aliyekwisha kutupa jiwe hawezi kulirudisha, na hata hivyo jiwe hilo ni lake, kwa sababu kulitupa au kutolitupa kulikuwa katika uwezo wake. Alitaja pia sheria zilizomwongezea adhabu mtu aliyekosa akiwa amelewa, kwa kuwa mwanzo wa kosa ulikuwa mkononi mwake. Hoja hii ina nguvu, na watu wengi wa barazani huitoa bila ya kujua kuwa ni ya zamani mno. Lakini yafikiri juu ya mtu mzima mwenye jiwe mkononi na macho yaonayo mbele. Kijana wa miaka kumi na sita aliyepewa msokoto wa bangi uliochanganywa na unga kidogo, akaambiwa ni wa kuondoa mawazo, alitupa kitu asichokijua jina. Na zaidi ya hayo, mfano huu una kasoro nyingine ambayo ni njema kwa kijana: jiwe halirudi, bali watu hurudi. Wako waliorudi. Katika nyumba za upataji nafuu za Unguja na za bara, wengi wa wasimamizi ni watu waliokuwa wakijidunga sindano miaka michache kabla. Aonaye kuwa uraibu ni jiwe lililokwisha kutupwa hana budi kueleza watu hao wametoka wapi.

Waswahili husema ahadi ni deni. Methali hii hutumiwa sana kuwasuta watu, lakini ina elimu ndani yake ambayo wasutaji huipita. Ikiwa ahadi ni deni, basi yako makosa mawili yaliyo mbali sana: kukana deni na kushindwa kulilipa. Akanaye hudai hakukopa. Ashindwaye akubali kuwa alikopa, ila mkono ni mtupu. Sheria na dini zimewatofautisha watu hawa tangu kale; Qurani, katika sura ya Al-Baqara, yaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Haisemi kuwa deni limefutwa. Huo ni msimamo ambao jibu la majirani wa kwanza halina, wala la majirani wa pili: deni lipo, mdaiwa ni mtu mzima mwenye neno lake, na muda hutolewa.

Ila mkopeshaji mwenye busara hutazama pia ukubwa wa mkopo. Kijana asemaye, “Sitaugusa tena maisha yangu yote,” amekopa mali asiyokuwa nayo, maana kesho ya mtu haimo mfukoni mwake. Hapa lipo jambo la kushangaza lililogunduliwa na walevi wenyewe, si na wanafalsafa. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, mfanyabiashara Bill Wilson na tabibu Bob Smith, wote wawili walevi, walianzisha jamii ya kusaidiana kuacha pombe. Mwaka 1953 huko California ikazaliwa jamii ya namna hiyo kwa watumiao dawa za kulevya, na utaratibu wake wa hatua kumi na mbili ndio ufuatwao katika nyumba nyingi za upataji nafuu za pwani hii. Humo mtu hafundishwi kuapa kwa maisha yake yote. Hufundishwa kuahidi leo tu. Kesho asubuhi deni la jana limekwisha kulipwa, naye hukopa jingine la ukubwa ule ule. Ajabu zaidi ni kuwa hatua ya kwanza ni kukiri kwamba mtu hana uwezo juu ya kilevi chake. Mwenye kupenda hoja atauliza: asiye na uwezo aahidije? Lakini asemaye, “Siwezi kuogelea,” na kwa hiyo akakaa mbali na kina kirefu, ametumia uwezo mwingine alio nao. Kukiri udhaifu mahali pamoja huonyesha penye nguvu mahali pengine: katika kutopita njia ile, katika kumpigia simu mwenzake saa nane za usiku, katika kumkabidhi dada yake mshahara.

Njia ile yataka kutazamwa zaidi, kwa kuwa mazungumzo juu ya ushupavu wa moyo huisahau. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliona kuwa askari wake wengi waliokuwa Vietnam wametekwa na heroini. Mtaalamu Lee Robins aliwafuatia baada ya kurudi kwao. Karibu mmoja katika watano alikuwa mraibu huko vitani; lakini miongoni mwa waraibu hao, waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani walikuwa kama watano katika kila mia, na katika miaka mitatu kama kumi na wawili. Watu hao hawakupata mioyo mipya ndani ya ndege. Waliacha nyuma vita, hofu, bei rahisi, na wenzao wa kuvuta nao. Mpeleke kijana wa Ng'ambo katika nyumba ya upataji nafuu kwa miezi kadhaa. Atatoka safi, mashavu yamejaa. Kisha hurudi katika mtaa ule ule, maskani ile ile, mwuzaji yule yule akimsalimu kwa jina. Yule wa Marekani alitoka mahali palipomlevya akaenda kwao. Huyu kwao ndiko kulikomlevya. Kuwalinganisha wawili hao kwa nguvu za moyo peke yake ni dhuluma. Basi sehemu ya deni si ya kijana peke yake: mtaa uliomwacha mwuzaji akae kibarazani miaka kumi una fungu lake, hata kama hakuna atakayekuja kuudai.

Limebaki suala la dawa, ambalo limewagawa hata watu wema. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa iliyoanza kutumiwa kwa ajili hii huko New York katikati ya miaka ya 1960 na matabibu Vincent Dole na Marie Nyswander. Ni ya maji, na mgonjwa huinywa kila siku mbele ya macho ya mwuguzi. Kikombe kimoja huzuia arosto kwa siku nzima bila ya kulewesha aliyepimiwa sawasawa. Wapingao husema, “Amebadilisha bwana tu, mtumwa ni mtumwa.” Neno hili si la kipuuzi. Aikosaye methadoni huumwa pia, na wapo wasimamizi wa nyumba za upataji nafuu, watu waliotoka katika moto wenyewe, wanaoona kuwa anywaye bado hajawa safi. Lakini uhuru wafaa kupimwa kwa kile ambacho mtu aweza kukifanya kati ya kikombe na kikombe. Mtu wa unga huamka akitafuta, hupata, hutulia saa chache, huanza tena kutafuta. Siku yake haina nafasi hata ya kusema uongo wa maana. Mtu wa methadoni, akitoka kliniki saa tatu za asubuhi, anayo siku: aweza kubeba zege, kumchukua mtoto shule, kuswali, kutimiza miadi. Wanavyuoni husimulia kuwa pombe yenyewe haikuharamishwa kwa siku moja, bali kwa daraja, watu wakizoezwa kuiacha. Asiyeona aibu katika simulizi hiyo asione haraka ya kukidharau kikombe.

Tena iko sababu nzito kuliko hoja zote za usafi. Mwili uliokaa miezi bila ya heroini hupoteza mazoea yake. Kipimo alichokuwa akikitumia zamani bila ya kudhurika, akikirudia siku moja tu, chaweza kumzimisha pumzi. Ndiyo maana majuma ya kwanza baada ya kutoka gerezani, au baada ya kutoka katika nyumba ya upataji nafuu, ni ya hatari kubwa. Na ndiyo maana kijana aliyeteleza hufa mara nyingi akiwa peke yake, chooni au katika pagala, akificha aibu. Iko dawa ya nalokisoni iwezayo kurudisha pumzi, lakini haiwezi kumfaa mtu aliyejifungia mahali ambapo hakuna amwonaye. Kuteleza ni mwanguko. Aibu ndiyo huufanya mwanguko uwe kaburi.

Sasa turudi mlangoni. Mama hakuwahi kutakiwa kuchagua kati ya kumsadiki mwanawe na kulinda nyumba yake. Wanaomwambia achague humtwika mzigo usio wake. Kumsadiki mtu na kumwaminia mali ni mambo mawili. Aweza kusadiki kuwa kiapo cha usiku huu ni cha kweli, na bado akayaweka mabati kwa jirani. Aweza kusema, “Ingia mwanangu, ule, ulale; ufunguo hubaki kwangu, na asubuhi twende sote kliniki.” Hakuna uongo katika maneno hayo, wala matusi. Yachukua ahadi ya kijana kwa ukubwa wake halisi, nao ni mpaka asubuhi.

Jambo moja tu halimo katika uwezo wa mama, ijapokuwa nyumba ni yake na mwana ni wake. Mkufu haukuwa wake. Deni hilo kijana halidaiwi na mama, wala mama hawezi kulisamehe; na watu wazima wa nyumba hii, katika huruma yao, hawajakwenda kumwuliza msichana neno lolote. Amelala chumba cha pili, au ajifanya amelala, akisikiliza kitasa.