Kuachiwa huru si kufutiwa deni

IJUMAA ya Februari 25, 2000, mahakama moja katika mji wa Albany, Marekani, iliwaachia huru askari polisi wanne waliomuua kijana wa Kiislamu, Amadou Diallo, kwa kumfyatulia risasi 41 mlangoni mwa nyumba aliyokuwa akiishi. Siku iliyofuata watu waliandamana katika mitaa ya New York wakiwa wameinua pochi zao juu. Waliinua pochi kwa sababu kitu pekee ambacho Diallo alikuwa nacho mkononi alipouawa kilikuwa ni pochi.

Miaka mingi imepita tangu siku ile, na kesi nyingine za namna hiyo zimekuja baada yake. Lakini swali walilokuwa nalo watu wale lingali hai. Mahakama halali ikishakaa, ikasikiliza ushahidi na ikatamka kuwa washitakiwa hawana hatia, je, anayeendelea kulalamika anadai nini? Je, ni mkorofi asiyeheshimu sheria, au ana haki yake ambayo mahakama haikuigusa?

Wapo waliosema, mahakama imeshasema, nyamazeni. Wapo waliosema, mahakama zote ni za wakubwa, hakuna haki duniani. Na wapo waliosema, hasa miongoni mwetu sisi tunaojiita watu wa dini, kwamba mambo haya tumwachie Mwenyezi Mungu. Hebu tuyaangalie mambo haya kwa utulivu.

Tukio lenyewe

Amadou Diallo alikuwa na umri wa miaka 23. Alikuwa mtoto wa familia ya Kifulani kutoka Guinea, na aliingia New York mwaka 1996. Kwa lugha ya kwetu alikuwa mmachinga. Alisimama kando ya barabara huko Manhattan akiuza soksi, glovu na kanda za video. Kwa maelezo ya familia yake, alikuwa akijikusanyia fedha ili aendelee na masomo.

Usiku wa Februari 4, 1999, kwenye saa 6:40, alikuwa amesimama mlangoni kwake katika mtaa wa Wheeler, eneo la Bronx. Askari kanzu wanne walipita na gari. Baadaye walisema kuwa walimwona anafanana na mbakaji aliyekuwa akitafutwa. Walishuka na kumwita. Yeye akarudi ndani kidogo na kuingiza mkono mfukoni. Alipoutoa, mmoja wa askari akapiga kelele kuwa ana bunduki. Askari mwingine alijikwaa ngazini akaanguka chali, na wenzake wakadhani amepigwa risasi. Risasi 41 zikafyatuliwa, na 19 kati ya hizo zikampata. Alipopekuliwa hakukutwa na silaha yoyote.

Askari wote wanne walishitakiwa kwa mauaji. Kabla kesi haijaanza kusikilizwa, mahakama ya rufaa iliamuru ihamishwe kutoka New York ipelekwe Albany, umbali wa kilomita zipatazo 240, kwa hoja kwamba kelele za magazeti na maandamano zingewanyima washitakiwa haki yao.

Juri liliulizwa nini?

Msomaji wa hapa kwetu kwa miaka mingi amezoea jaji anayekaa na wazee wa baraza, ambao kazi yao ni kumpa maoni, naye halazimiki kuyafuata. Utaratibu wa Marekani ni tofauti. Kule raia 12 wa kawaida huchaguliwa, wakaapishwa, wakasikiliza kesi yote, kisha wao ndio wanaoamua kama mtu ana hatia au hana. Hilo ndilo juri. Jaji huwaelekeza juu ya sheria, lakini uamuzi ni wao. Katika kesi hii wanne kati ya hao 12 walikuwa Waamerika weusi. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba wazungu walikaa wakamwokoa mzungu mwenzao.

Sasa, watu hao 12 waliulizwa swali gani? Waliulizwa hivi: je, mwendesha mashitaka amethibitisha, bila kuacha shaka ya msingi, kwamba askari hawa hawakuwa na sababu ya maana ya kuamini kwamba maisha yao yako hatarini? Swali hilo ni jembamba sana. Linatazama kilichokuwa kichwani mwa askari katika sekunde chache za usiku ule. Juri likajibu kwamba halikuthibitika.

Nasi Waislamu hatuna sababu ya kulibeza swali hilo. Mafakihi wetu wamekubaliana kwa jumla kuwa adhabu ya hudud au kisasi haitolewi penye shaka. Anayetaka askari afungwe maisha kwa sababu tu umma umekasirika, na kesho umma huo huo ukimkasirikia yeye, atajitetea kwa hoja gani?

Lakini waandamanaji wa New York walikuwa na swali jingine. Mtu hakufanya kosa lolote, hakuwa na silaha, alikuwa mlangoni kwake, na ameuawa na watu wanaolipwa mshahara ili wamlinde. Je, nani anadaiwa damu yake? Swali hilo juri halikuulizwa. Tatizo linaanza pale watawala wanapolichukua jibu la swali la kwanza na kulifanya jibu la swali la pili. 'Hawana hatia' ikageuzwa kuwa 'hapakuwa na kosa'. Na 'hapakuwa na kosa' ikageuzwa kuwa 'hakuna anayedaiwa'.

Kuua kwa makosa kuna deni lake

Hapa ndipo sheria ya Kiislamu inapotufundisha jambo kubwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Allah (s.w.) anaeleza hukumu ya Muumini aliyemuua Muumini mwenzake kwa makosa, bila kukusudia. Muuaji huyo hauawi. Lakini haambiwi nenda zako nyumbani. Anatakiwa aache mtumwa huru, na fidia ilipwe kwa wafiwa, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe. Asiyeweza kuacha huru mtumwa atafunga miezi miwili mfululizo, akitubu kwa Mola wake.

Na mafakihi wanapoichambua aya hii wanataja aina mbili za kukosea. Ipo ya mtu aliyelenga ndege akampata binadamu. Na ipo ya mtu aliyemlenga binadamu akimdhania kuwa ni adui wa vitani, kumbe siye. Hii ya pili ndiyo hasa waliyojitetea nayo askari wa New York: tulidhani ana bunduki. Tuseme tumewakubalia utetezi wao wote, neno kwa neno. Hata hivyo, kwa mizani ya aya hii, bado pana deni. Dhana yao inaweza kuwaokoa na kitanzi, lakini haiwezi kumfanya Diallo awe hakuuawa.

Basi kati ya 'ni wauaji' na 'hapakuwa na kitu' ipo nafasi ya tatu, na nafasi hiyo ndiyo iliyokosekana Albany. Juri lilipewa milango miwili tu, wa jela na wa nyumbani.

Mtume (s.a.w.) na damu ya Bani Jadhima

Jambo hili lilitokea pia zama za Mtume (s.a.w.). Mwaka wa nane Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, alimtuma Khalid bin Walid (r.a.) na jeshi kwenda kwa kabila la Bani Jadhima. Watu wale walitaka kusema kuwa wamesilimu, lakini hawakulipata neno lenyewe sawasawa. Wakasema neno la kwao lenye maana ya kuwa wameiacha dini yao ya zamani. Khalid hakulielewa kuwa ni kusilimu. Akawaua baadhi yao na kuwateka wengine, kisha akaamuru kila askari amuue mateka aliye mkononi mwake. Abdullah bin Umar (r.a.) akakataa, na wenzake wakakataa pamoja naye.

Zingatia ndugu msomaji: kule Bronx ilikuwa pochi iliyodhaniwa bunduki, na huku lilikuwa neno lililodhaniwa kufuru. Je, Mtume (s.a.w.) alifanyaje habari ilipomfikia? Imepokewa na Bukhari kwamba aliinua mikono yake mbele ya watu na akajitenga na kitendo kile kwa Mola wake, mara mbili. Na vitabu vya sira vinaeleza kuwa alimtuma Ali bin Abi Talib (r.a.) akiwa na mali, akawalipa watu wale damu zao na mali zao zote zilizoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Ilipobaki mali, akawaachia, isije ikawa kuna kilichosahauliwa.

Khalid hakuuawa kwa kisasi, kwani wanazuoni wanaeleza kuwa alikuwa amekosea katika kuelewa. Aliendelea kuongoza majeshi. Lakini mkuu wa dola hakungoja aandamaniwe. Hakusema kwamba kamanda wetu alikuwa katika mazingira magumu. Alitamka hadharani kuwa limetendeka baya, na akalipa.

Linganisha na yaliyofuata New York. Januari 2001 serikali kuu ya Marekani ilitangaza kuwa haitafungua mashitaka mengine. Aprili mwaka huo huo Kamishna wa Polisi aliamua kuwa askari wale hawatachukuliwa hatua za kinidhamu, ingawa hawakurudishiwa silaha zao kwa wakati ule. Fidia ya dola milioni 3 ilikubaliwa na jiji Januari 2004, karibu miaka mitano baada ya mauaji, na baada ya wazazi kwenda mahakamani kudai. Mwaka 2012 mmoja wa askari wale alirudishiwa ruhusa ya kubeba bunduki. Fedha zililipwa, ndiyo. Lakini deni linalolipwa kwa kuburuzana mahakamani lina uchungu wake.

Hasira na mipaka yake

Kwa maana hiyo, wale wanaowaambia wafiwa 'mwachieni Mungu' wanahitaji kujiuliza. Kusamehe ni jambo jema, na aya tuliyoitaja imelisifu kwa kuliita sadaka. Lakini mwenye haki ya kusamehe ni mfiwa, si mimi wala wewe. Na anayesamehe husamehe deni ambalo mdaiwa amelikubali. Ambaye haki yake imekanushwa kabisa ataombwa asamehe kitu gani? Isitoshe, Suratun Nisaa, aya ya 148, imemtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kutangaza maovu hadharani. Anaruhusiwa kusema, na kusema kwa sauti.

Hata hivyo ruhusa hiyo haina maana ya kufanya lolote. Aprili 29, 1992, juri la karibu na Los Angeles lilipowaachia askari waliompiga Rodney King, licha ya kipigo chenyewe kuonekana katika mkanda wa video, mji uliwaka moto. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Maduka mengi yaliyochomwa yalikuwa ya wahamiaji kutoka Korea, ambao hawakumgusa King hata kwa kidole. Mama wa Diallo, Kadiatou, aliposikia hukumu ya Albany aliwaomba watu watulie na waombe dua, naye mwenyewe akaendelea kudai haki ya mwanawe miaka yote iliyofuata. Utulivu ule haukuwa kunyamaza.

Na mpaka mwingine ni huu. Aya ya 135 ya sura hiyo hiyo inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Sisi wa mijini tunaosikitika kwa Diallo, ni mara ngapi imepigwa kelele ya 'mwizi!' sokoni au stendi, na kijana akapigwa mawe na kuchomwa kwa tairi kabla hajaulizwa hata jina? Kelele ya 'bunduki!' na kelele ya 'mwizi!' zina tofauti gani, kama zote mbili zinaua kwa dhana? Tena wale askari angalau walisimamishwa kizimbani. Sisi baada ya pale huenda kuswali Adhuhuri, na hakuna anayejiona anadaiwa.

Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha watu waliokuwa wakimletea mashauri kwamba yeye ni binadamu, huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake. Atakayepewa kwa hukumu ile haki isiyokuwa yake, basi amepewa kipande cha moto. Kama hukumu iliyotoka katika ulimi wa Mtume (s.a.w.) haiigeuzi batili kuwa haki, itakuwaje hukumu ya watu 12 wa Albany?

Basi tuiheshimu mahakama kwa kile ilichoulizwa, tusiisingizie jibu la kile ambacho haikuulizwa. Na kila mwenye madaraka juu ya watu wenye silaha ajue kuwa kuachiwa huru kwa askari wake hakujamalizia kazi yake. Bado ana mlango wa mfiwa wa kwenda kuugonga.

Wabillahi tawfiq.