Kweli Nusu, Bei Nzima

Ukipita Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi ukitafuta laptopu ya mtumba, zile tunaziita "ex-UK", kuna jibu utalipata hata kabla hujamaliza kuuliza: "Hii ni i5, boss." Na mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Angalia kibandiko kando ya kibodi, kimeandikwa i5. Swali langu ni hili: je, mtu anaweza kukwambia kweli tupu na bado akawa amekudanganya?

Tuanze na mashine yenyewe, kwa sababu maadili yasiyogusa vitu huwa porojo. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Intel walianza kuuza prosesa za jina la Core i5 mwaka 2009, na jina hilo likadumu zaidi ya miaka kumi huku kilicho ndani kikibadilika. i5-520M ni ya 2010 na ina viini viwili. i5-8250U ni ya 2017, ina viini vinne, na inatumia wati 15 pale ambapo ile ya kwanza imepangiwa 35. Hata ndani ya mwaka mmoja jina halitoshi. Mwaka 2011 kulikuwa na i5-2400 ya kompyuta ya mezani, yenye viini vinne, na i5-2520M ya laptopu, yenye viwili. Zote i5. Ni kama kuniambia umenunua Toyota. Nitakupongeza, lakini sijajua kama ni Vitz au Land Cruiser, wala ni ya mwaka gani.

Habari yenyewe iko kwenye namba inayofuata kistari. Katika i5-2520M, ile 2 ya mwanzo inamaanisha kizazi cha pili. Katika i5-8250U, ile 8 ni kizazi cha nane. Muuzaji anajua. Ndiyo maana akinunua mzigo kwa jumla haulizi "ni i5?" Anauliza "ni jeni ya ngapi?"

Usinielewe vibaya, sisemi cha zamani ni kibovu. Wengi wakishaungua na i5 ya zamani hukimbilia laptopu mpya, na mpya ya bei ya chini mara nyingi huwa na Celeron. Chukua Celeron N4000, ya mwishoni mwa 2017: viini viwili, wati 6 tu, haichemki, haili betri. Lakini ipe kazi nzito na ile i5-2520M, iliyoitangulia kwa miaka sita, itaiacha nyuma. Halafu geuza upande wa pili: Windows 11 inaikubali N4000 na kuikataa i5-2520M. Imeikataa hata i5-7200U ya 2016, ambayo bado ina nguvu. Na Windows 10, Microsoft walikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hivyo jina halitoshi, mwaka hautoshi, na kibali cha Microsoft hakitoshi. "Ipi ni bora?" ni swali lisilo na jibu mpaka kwanza uulize: kwa nani, na kwa kazi gani?

Sasa mweke pale dukani mama aliyetoka mashambani na pesa za chama, anamnunulia mtoto laptopu ya kwenda nayo chuo. Kule kijijini ameambiwa neno moja: "Hakikisha ni i5." Muuzaji anampa i5 ya 2010, iliyowekewa Windows 11 kwa mlango wa nyuma. Uongo uko wapi?

Swali hili ni la kale kuliko kompyuta. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kuhusu mfanyabiashara anayefikisha nafaka katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Huyo mtu ameziona baharini meli nyingine za nafaka zikija. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kuficha. Mradi hujasema uongo na hujavunja sheria, uza. Antipater, mwanafunzi wake, anakataa. Anasema binadamu ni jamaa, na mnunuzi anastahili kujua unachokijua. Cicero mwenyewe anaegemea kwa Antipater.

Luthuli ingekuwa na mwanafalsafa wake, nadhani angekuwa Diogenes. Angesema: mwenye macho haambiwi tazama, namba si iko hapo? Angesema tena: kuuliza si ujinga, kwani alikatazwa kuuliza? Hoja hizi si za kudharau. Muuzaji ana kodi ya duka na ana watoto. Tena si kazi yake kumfundisha kila kastoma historia ya Intel.

Lakini macho hayasomi lugha ambayo hayajafundishwa. Yule mama anaiona namba 520 kama mimi ninavyoiona hati ya daktari. Na huwezi kuuliza swali ambalo hujui kwamba lipo. Ati bei ya chini ingemwambia? Bei ni habari kwa anayejua bei nyingine. Kwake ile "bei ya kutupa" ni akiba ya miezi.

Hapo ndipo ninapoachana na Diogenes. Nafaka ya Rhodes ilikuwa nafaka nzuri. Kilichofichwa ni habari za sokoni. Hapa kilichofichwa ni kitu chenyewe kinachouzwa. Muuzaji anapotamka "i5" akanyamaza, anajua picha iliyochoreka kichwani mwa mama, anajua si picha ya mashine iliyo mezani, na anaitoza bei ile picha. Huo ukimya unafanya kazi, na unalipwa. Hata Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua. Haisemi habari alizokumbuka kuuliza.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza. Mteja mpya akiniuliza elimu yangu, ningeweza kusema "nilisoma chuo kikuu" na nisiwe nimetamka uongo wowote. Yeye angejazia digrii mwenyewe. Huwa namwambia niliacha, kisha namtumia kazi nilizoandika aamue. Wengine huenda zao. Wanaobaki wanajua wamemwajiri nani.

Na kama muuzaji mwenyewe hajui? Kuna neno fupi la hilo: "sijui." Kama anajua, hahitaji hotuba. Namwazia akisema hivi: "Mama, hii ni i5 lakini ya zamani, ya 2010. Kuandika na kusoma itamfaa. Windows 11 hairuhusiwi rasmi, tunaweza kumwekea Linux. Kama anaenda kusomea uchoraji wa majengo, hii itamtesa, ongeza kidogo uchukue ile ya kizazi cha nane." Maneno hayo hayazidi nusu dakika. Pengine mama ataondoka. Pengine pia atainunua ileile, kwa bei inayolingana nayo, huku akijua ni nini anachompelekea mtoto wake.