Mwili Huu ni wa Nani?

Mtu mzima akishauriwa na wanawe aende kupima presha, apunguze chumvi, au aache kukaa kitini kutwa nzima, mara nyingi jibu lake huwa fupi: "Niacheni, mwili ni wangu." Wengi wetu hulichukulia jibu hili kuwa ni ukaidi wa uzee, tukacheka, tukanyamaza. Mimi naona lina madai mazito ndani yake, nayo yastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa au kukataliwa. Je, mwili ni mali ya mwenyewe kama ilivyo kanzu yake, kwamba akitaka ataifua na akitaka ataiacha iliwe na mende? Ama ni amana ambayo wengine nao wana haki ndani yake?

Asemaye hivyo anao ukweli, tusimdhulumu. Mtu asiye na kauli juu ya mwili wake ni mtumwa, na pwani yetu yajua vizuri maana ya mwili wa mtu kuwa mali ya mwingine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, si zamani sana ukihesabu kwa vizazi. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alitetea kwa nguvu kwamba mtu ndiye mtawala wa mwili na akili yake, na jamii haina ruhusa ya kumlazimisha kwa kisingizio cha kumtakia heri. Wanaomtaja Mill aghalabu huishia hapo. Lakini katika kitabu hicho hicho alisema pia kwamba mtu ambaye kwa ulevi au ubadhirifu wake anashindwa kulipa madeni au kulea watoto wake anastahili kulaumiwa, si kwa sababu ya ulevi wenyewe, bali kwa sababu ya wajibu alioutupa. Hapo ndipo penye fundo.

Sasa tuichukue presha, maana sijui maradhi yanayoliweka swali hili wazi zaidi. Presha ikifika 140 kwa 90 au kupita, na ikaonekana hivyo katika vipimo vya siku mbalimbali, mwenye nayo amekwisha kuwa mgonjwa. Lakini aghalabu haumwi na chochote. Hula, hulala, hucheka barazani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye maradhi haya hawajui kuwa wanayo. Huku nyuma mishipa ya damu inakakamaa, moyo unasukuma kwa taabu, figo zinachoka. Na hata yule aliyekwisha kupewa dawa, akimeza wiki chache akajiona mzima, huziacha, kana kwamba vidonge vile ni vya malaria vyenye mwisho wake. Kisha asubuhi moja mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki.

Fikiri basi ni nani anayebeba. Namjua fundi seremala mmoja, mtu hodari na mkarimu, aliyekuwa akiwajibu wanawe vivyo hivyo. Alipopatwa na kiharusi hakuweza tena hata kujigeuza kitandani. Mkewe, naye si kijana, alimgeuza kila baada ya saa chache usiku na mchana ili asipate vidonda. Binti yao wa mwisho, aliyekuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu, alibaki nyumbani. Vifaa vya kazi, randa na misumeno, viliuzwa kimoja kimoja. Hakuna aliyelalamika mbele yake, na mimi simhukumu, kwani hata aliyejitunza kwa uangalifu wote aweza kuanguka. Nasema tu kwamba siku ile mwili haukuwa tena wa mzee peke yake. Ulikuwa wa nyumba nzima, na pengine ulikuwa hivyo tangu zamani.

Je, hilo lawapa jamaa haki ya kumtawala? La hasha. Nimeona nyumba ambamo baba mzima hufokewa kama mtoto kwa sababu ya kipande cha papa mkavu. Nimeona chumvi ikifichwa kabatini. Baya zaidi, nimeona mgonjwa akipikiwa sufuria yake pembeni, chakula kisicho ladha, huku wengine wakila mchuzi uliokolea kwenye sinia moja. Amepewa chakula cha kumlinda na papo hapo ametengwa na wenziwe. Msishangae akienda kula kwa jirani. Kumbe kile kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ni cha kila mtu mzima, si cha wagonjwa tu. Hakuna haja ya sufuria mbili. Apikaye atie ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, apunguze chumvi kidogo kidogo, na baada ya wiki kadhaa ndimi za wote zitakuwa zimezoea. Kwa maoni yangu, mwenye haki ya kumwambia mwenzake ajinyime ni yule aliye tayari kujinyima pamoja naye. Kumwambia baba "nenda ukatembee" ni amri; kumwambia "baba, twende" ni jambo jingine kabisa.

Watu wa umri fulani hapa Tanzania wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Ilikuwa vigumu kusema choo ni shauri langu, maana inzi hawajui mipaka ya viwanja. Presha haina inzi, ndiyo maana twaidhania kuwa ni siri ya mtu mmoja.

Lipo kundi jingine ambalo halisemi kamwe "mwili ni wangu", nalo lanitia wasiwasi zaidi. Ni akina mama. Mama humpeleka mtoto kliniki, humkumbusha mume vidonge vyake, naye maumivu yake ya kichwa ya miezi mingi huyafunga kwa kitambaa. Twamsifu kwa uvumilivu, na sifa hiyo yatufaa sisi kuliko yeye. Ukimwambia akapime atajibu kwamba hana nafasi, na kwa kweli hana: maji, kuni, maandazi ya kuuza alfajiri, mjukuu mwenye homa. Hapo ushauri mtupu ni dhihaka. Swali la kuulizwa katika nyumba hiyo ni nani atakayekaanga maandazi Jumanne asubuhi, ili mama apande daladala akapimwe.