Theluthi Moja ya Sekunde

Usiku wa 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, huko Dhahran nchini Saudi Arabia, kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraki lilipiga ghala lililokuwa limegeuzwa bweni la wanajeshi wa Marekani. Walikufa watu 28. Kati yao, 13 walitoka katika kikosi kimoja cha akiba cha jimbo la Pennsylvania, watu ambao kazi yao vitani ilikuwa kusafisha maji, na walikuwa na siku sita tu tangu wafike.

Hapo Dhahran palikuwa na mtambo wa Patriot uliowekwa kutungua makombora kama hilo. Haukurusha kitu. Rada ilikuwa nzima na askari walikuwa kazini. Kasoro ilikuwa kwenye saa.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu wengi wetu, mimi nikiwemo, huiamini saa iliyo pembeni mwa kioo cha kompyuta bila kuuliza nani ameihakiki.

Kompyuta ya Patriot ilihesabu muda tangu kuwashwa kwake, kwa vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ili kupata sekunde, ilizidisha idadi ya vipande hivyo kwa moja ya kumi. Hesabu nyepesi kwetu, lakini si kwa mashine inayoandika namba kwa 0 na 1 pekee. Moja ya kumi ikiandikwa hivyo haina mwisho, sawa na theluthi inavyotupa 0.333 na kuendelea. Kompyuta ile ilikuwa na nafasi ya tarakimu 24, basi mkia uliozidi ukakatwa. Kilichopotea katika kila kipande ni kama sekunde 0.000000095. Ningekuwa mimi ndiye mhandisi, sidhani kama ningekosa usingizi kwa ajili ya kitu kidogo namna hiyo.

Usiku ule mtambo ulikuwa umewaka kwa zaidi ya saa 100 bila kuzimwa. Saa 100 zina vipande 3,600,000. Zidisha, utapata upungufu wa sekunde 0.34, yaani theluthi moja ya sekunde na ushee. Scud hukata zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Rada ikishaliona kombora, kompyuta hukadiria litakuwa wapi muda mfupi baadaye, kisha huamuru kipande hicho cha anga kitazamwe. Kwa saa ile iliyopotoka, kipande hicho kilikuwa kimesogea mita 687. Rada ikatazama anga tupu, na kombora likapita.

Dalili zilikuwepo. Patriot ilibuniwa kukabili ndege za Kisovieti, na waliobuni walitarajia ihamishwe mara kwa mara na kufanya kazi saa chache tu kila mahali. Ghubani ilipewa shabaha yenye kasi kubwa zaidi, ikaachwa mahali pamoja inawaka siku baada ya siku. Kazi ilibadilika, lakini hakuna aliyerudi kuuliza kama hesabu za zamani bado zinafaa.

Kisha ukaja ushahidi wenyewe. Tarehe 11 Februari, wiki mbili kabla ya maafa, Waisraeli waliokuwa wakitumia mtambo huohuo walipeleka taarifa Marekani: baada ya saa 8 mfululizo, kipande kinachotazamwa husogea kwa asilimia 20. Ni hesabu ya shule ya msingi. Ikiwa saa 8 zinaleta asilimia 20, saa 20 zitaleta 50, na hapo shabaha inakuwa imetoka nje. Lakini maofisa waliopokea taarifa walidhani hakuna kikosi kinachouacha mtambo ukiwaka kwa muda mrefu hivyo. Hawakuwauliza waliokuwa jangwani.

Programu ilirekebishwa tarehe 16. Tarehe 21 vikosi vikaandikiwa kwamba kuuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta hitilafu. Muda mrefu sana ni upi? Saa kumi? Siku nne? Ujumbe haukusema. Na hapa ndipo ninapoumia kila nikisoma taarifa ya wakaguzi wa serikali ya Marekani ya mwaka 1992. Kuzima na kuwasha upya kulirudisha saa kwenye sifuri, na kulichukua dakika moja hadi moja na nusu. Askari angeambiwa "zimeni kila baada ya saa nane" angezima. Aliyeambiwa "msikae muda mrefu sana" anaendelea na zamu yake, kama ambavyo mimi na wewe tungeendelea.

Programu mpya ilifika Dhahran tarehe 26. Siku moja baadaye.

Mabaharia wa zamani walilielewa jambo hili kuliko sisi. Saa ya John Harrison, seremala wa Kiingereza, ilipojaribiwa baharini hadi Jamaika mwaka 1761, haikusifiwa kwa kutokukosea. Ilijulikana kabla ya safari kwamba inachelewa kiasi gani kila siku, na kiasi hicho kikatolewa kwenye hesabu. Saa inayokosea kwa kipimo kinachojulikana inaweza kumfikisha mtu bandarini.

Kompyuta zetu nazo zina kipande cha kwazi ndani, nacho hukimbia au kuchelewa kidogo kila siku, hasa joto likibadilika. Utaratibu wa NTP, ambao David Mills na wenzake waliuanzisha mwaka 1985, huilinganisha saa na seva za nje kupitia intaneti, na hupima pia mwendo wa upotevu wake. Mtambo usiounganishwa popote hauna msaada huo. Kinasa picha za kamera dukani kinaweza kupotea dakika nyingi, na mwenye duka akajua siku polisi wanapohitaji picha za saa fulani. Au kompyuta ya ofisini inarudi mwaka wa nyuma kila ikizimwa, tovuti ya benki inakataa kufunguka kwa madai kwamba cheti si halali, na mtu anabofya "endelea" miezi mizima, wakati kilichoisha ni betri ya kidonge iliyo kwenye ubao mkuu. Fundi yeyote huibadilisha kwa dakika chache.

Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 katika nafasi isiyozidi 2,147,483,647. Nafasi hiyo itajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Mwenye mashine ya hospitali, ya maji au ya umeme inayotegemewa kufika mwaka huo amwulize aliyemwuzia, na asikubali jibu lisilo na tarehe.