Nani Anaulizwa Kuhusu Leba?

Mwanamke mmoja kati ya watano. Hiyo ndiyo namba iliyotoka katika utafiti wa mradi wa Heshima uliochapishwa mwaka wa 2015. Wanawake 641 walihojiwa katika vituo 13 vya afya humu nchini wakiwa wanaruhusiwa kwenda nyumbani, na asilimia 20 wakasema walidhalilishwa walipokuwa wakijifungua.

Namba hiyo naiamini. Lakini kuna wale ambao tafiti za aina hii haziwafikii. Tangu niache chuo naishi kwa vibarua vya kutafsiri hojaji, na ikija ya mambo ya leba naanza na ukurasa wa masharti. Moja ilitaka mama awe na miaka 18 kwenda juu, mtoto awe hai, na awe bado yuko wodini.

Sasa hesabu waliobaki nje. Msichana wa miaka 16, yule anayeambiwa "ulipokuwa ukiitengeneza hukupiga nduru hivi," hayumo. Aliyejifungulia nyumbani kwa mkunga kwa sababu mara ya kwanza alizabwa kofi hayumo, na huyo kwangu ndiye shahidi mkuu. Aliyefiwa na mtoto pia hayumo.

Huyu wa mwisho ndiye mgumu. Kamati ya maadili itakwambia kumhoji ni kutonesha kidonda, na si uongo. Mtu hajamaliza hata kulia, wewe umekuja na tableti unamuuliza kama nesi alijitambulisha jina. Hiyo ni aibu.

Ila tazama kilichotendeka hapo. Wanawake hawa wanalalamika kwamba leba watu waliwaamulia mambo bila kuwauliza: walipimwa njia bila kuambiwa, wakashonwa bila ganzi. Halafu sisi, kwa upole kabisa, tunawaamulia tena kwamba hawawezi kuzungumza. Na tunabaki na waliotoka salama, walioshika mtoto mzima mkononi, ambao wengi wao watakwambia "bora uzima" hata kama walitukanwa usiku kucha. Nani atamshtaki nesi aliye hapo korido, na kesho huenda amhitaji tena?

Mimi ningewafuata baadaye, nje ya hospitali. Wenye watoto hupatikana wiki ya sita wanapokuja chanjo. Waliofiwa hawana sababu ya kurudi kliniki, kwa hivyo ni kuwatafuta mtaani kupitia wahudumu wa afya ya jamii, polepole, na anayeuliza asiwe mtu wa hospitali ile. Ni gharama, najua, na wafadhili wanapenda wodi kwa sababu watu wote wako pale pale kitandani. Lakini aulizwe kwanza kama anataka kuulizwa. Akikataa, sawa, iandikwe kwamba alikataa.