Nani Ashike Dawa za Mzee?



Familia nyingi kati yetu zina baba au mama mzee anayeishi peke yake mjini, Jinja au Mbale, kwa sababu alikataa kurudi kambini. Ana chumba chake Walukuba au Namatala, anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, na anakunywa dawa zake mwenyewe. Swali liko hapo kwenye dawa. Mtoto akiona mama anakosea vidonge, je, ana haki ya kumnyang'anya avishike yeye?

Makosa yenyewe si madogo. Hospitali inampa mzee vidonge vya presha ndani ya kibahasha kilichoandikwa 1x2. Vikiisha, na stoo ya serikali ikiwa tupu, ananunua dukani dawa ile ile yenye jina jingine. Mwezi unaofuata anapewa tena zile za hospitali, naye anakunywa zote. Magoti yakiuma anaongeza diklofenaki, ambayo hupandisha presha na kuumiza tumbo na figo. Mwenye sukari akinywa glibenklamaidi bila kula, sukari hushuka mpaka anaanguka, na majirani wanasema ni mapepo. Tena aliyempa dawa alieleza kwa Kiganda au Kigisu, kibahasha ni cha Kiingereza, na mzee wetu alisoma Kifaransa, kama alisoma.

Kwa hiyo wengine wanafanya hila. Wanasaga kidonge ndani ya uji, mzee anywe bila kujua. Tunamkumbuka Isaka. Macho yake yalipofifia, mkewe na mwanawe walimletea chakula kwa udanganyifu (Mwanzo 27). Baraka ilipatikana kweli, lakini alipojua alitetemeka, na nyumba yake ikagawanyika. Hata kwa upande wa mwili hila hiyo ni hatari: viko vidonge vya presha vilivyotengenezwa viyeyuke polepole siku nzima, na ukivisaga nguvu yote inaingia mara moja.

Bwana Yesu alimwona Bartimayo ni kipofu, kila mtu alimwona, lakini alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini (Marko 10). Sisi tunaona kwamba mzee anayesema, "Najua, ila dawa hii inanizungusha kichwa," si sawa na mzee asiyekumbuka kama amekunywa leo. Wa kwanza ana neno la kumwambia daktari, tumsindikize akaliseme. Wa pili ndiye wa kushikiwa dawa, tena kwa kumwambia wazi, na ashike mtu mmoja, si watoto watano wanaosimamiana kwa simu.

Kuna jambo jingine gumu zaidi, maana linatoka katika wema. Mama anamgawia jirani vidonge vyake kwa kuwa jirani hana. Tangu siku ya kuvuka mpaka tumeishi kwa kugawana. Tutamwambiaje leo kwamba ametenda vibaya? Lakini unga hugawanywa wote wakashiba. Kidonge kilipimwa kwa mtu mmoja, na ukikigawa watu wawili wanabaki wagonjwa. Tusimkemee. Tumchukue jirani naye apimwe. Vituo vya serikali vilifuta ada za matibabu mwaka 2001, ingawa foleni tunaijua.

Na wanaosema mwenye imani huacha dawa akishaombewa, wasome jinsi Isaya, nabii wa Mungu, alivyoagiza tini ziwekwe juu ya jipu la Hezekia (2 Wafalme 20).

Mnaowapigia wazee simu Jumamosi, baada ya salamu ulizeni vidonge vimebaki vingapi. Mnaowatembelea, chukueni kalamu: choreni jua kwenye kibahasha cha asubuhi na mwezi kwenye cha usiku. Siku ya kliniki mfuko wote uende, wa hospitali na wa dukani, pamoja na yale majani ya mululuza chini ya kitanda, maana nayo huweza kushusha sukari na daktari hajui kama yapo.