Nyumba Imeuzwa, na Stori Je?

Hebu nikuulize, msomaji mwenzangu: mtu akiuza nyumba, anauza na yaliyosemwa barazani?

Nauliza kwa sababu nyumba ya marehemu bibi, Kariakoo, iliuzwa. Nyumba ya Kiswahili hasa: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na foleni ya choo. Pale barazani ndipo nilipojua jina Kariakoo lilikotoka. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, waliwekwa hapa. Watu wakalitamka walivyoweza. Wapagazi wale walibeba mizigo ya vita isiyo yao, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Sanamu ya Askari ilisimamishwa mjini mwaka 1927. Aliye juu ana bunduki; mpagazi ametajwa kwenye maandishi. Bibi alikuwa akiuliza, "Na aliyembebea risasi yuko wapi?"

Leo pale pana ghorofa, chini maduka ya nguo. Mjomba aliyesimamia mauzo nilimlaumu mbele za watu, eti ameuza historia. Akanitazama. "Mwanangu, historia inalipa ada?" Nikanywea.

Nimeliwaza sana jibu lile. Kuuza si dhambi, tena mwenye shida usimhubirie. Kiwanja kilikuwa cha bibi, kikawa cha warithi wake, basi. Lakini zile stori bibi alizipata kwa wapangaji, kwa wauza kahawa, kwa fundi cherehani wa chumba cha uani. Hakuwa mwenyewe peke yake. Kitu cha wengi namna hiyo huwezi kukiuza hata ukitaka, wala hukigawi mirathi. Unachoweza ni kukiacha kife kwa kutokisimulia, na hapo ndipo ninapoona kosa. Ghorofa halina hatia.

Nilikuwa tayari kumsomea mjomba haya yote. Ila kompyuta ninayoandikia niliinunua kwa fedha aliyonimegea mama katika mgao wake wa nyumba ileile, na hilo sikulisema siku ile. Halafu nilipofika kwa yule fundi cherehani, kalamu ikagoma: jina lake nimelisahau. Alinishonea sare ya shule, jamani! Ikabidi nimfuate mjomba.

Alilitaja papo hapo, akaongeza na mwezi aliohama, na kodi aliyobakiza.